Mtoto wa miaka 11 anataka kuuza barafu: mtaji nimpeje, na akiba aweke wapi?

mama_watatu_kimara

Habari za leo wanajamvi. Nina watoto watatu, wa miaka 7, 11 na 14. Nataka kuwaanzisha kwenye akiba na biashara ndogo kuelekea likizo ya Juni, ila naomba tusiishie kwenye "mfundishe mtoto thamani ya pesa". Nataka namna ya kufanya yenyewe.

Hali ilivyo: wakubwa wawili wanapewa 1,000 kila asubuhi, nauli ikiwa humo humo. Mdogo anapewa 500. Kibubu ni kimoja cha mbao, cha wote. Wa 11 anataka kuuza barafu za ukwaju hapa nyumbani. Friji ipo. Kwa hesabu yetu ya haraka, ukwaju nusu kilo na vifuko ni kama 2,000, anapata barafu 48 za shilingi mia, kwa hiyo faida 2,800. Wa 14 yeye anataka laini yake ya simu, anasema atawekea akiba huko.

Nisaidieni: hesabu ya barafu iko sawa? Mtaji nimpe bure au nimkopeshe? Na akiba ya kila mmoja ikae wapi?

mhasibu_wa_mtaa

Hesabu haiko sawa dada, na tuanzie hapo, maana mtoto akianza na faida ya uongo ataendelea nayo hadi aje afungue duka. Ukwaju na vifuko ni sehemu tu ya gharama. Chukua lita 5 za juisi. Bei nilizoweka ni za mfano, badilisha ziendane na za kwenu:

Ukwaju nusu kilo: 1,500
Sukari robo tatu ya kilo, kwa kilo 3,000: 2,250
Vifuko 50, nusu ya paketi ya mia: 500
Gesi ya kuchemsha lita 5 za maji: 300
Umeme: 200
Jumla: 4,750

Umeme nimeupata hivi: kugandisha lita 5 kwa friji ya nyumbani kunakula kama nusu uniti, na kwa wateja wa matumizi ya kawaida LUKU ya 1,000 inatoa uniti 2.8 hivi. Hapo sijagusa umeme ambao friji ingekula hata bila barafu, huo ni wa nyumba.

Sasa lita 5 ukifunga mililita 100 kila kifuko unapata 50, toa mbili za kumwagika, 48 kama ulivyosema. Mara mia ni 4,800. Faida ni shilingi 50. Ile 2,800 yenu ilikuwa sukari ya jikoni, gesi ya jikoni na LUKU ya baba. Mtoto hajaipata, amehamisha tu pesa ya nyumba kuiweka kwenye kopo lake.

Dawa yake si kupunguza sukari. Kitu cha baridi kali utamu wake hausikiki vizuri mdomoni, ndiyo maana juisi inayotosha sukari kwenye glasi ikiganda inakuwa kama maji. Dawa ni kipimo. Mpe kazi ya kwanza kabla hajanunua ukwaju: anunue barafu tatu za mia kutoka kwa wauzaji watatu wa hapo mtaani, aziyeyushe moja moja kwenye jagi lenye vipimo, aandike ni mililita ngapi. Mara nyingi atakuta ziko chini sana ya mia. Akifunga mililita 60 anapata barafu kama 80, mauzo 8,000, vifuko vinapanda hadi 800, gharama yote 5,050, faida 2,950. Juisi ni ile ile. Kama majirani wanazoea barafu kubwa ya 200, afunge mililita 150: zinatoka 32, mauzo 6,400, faida kama 1,800.

Afunge kwa kipimo kimoja, kile kikombe kidogo cha dawa ya maji ya watoto kinatosha akishajua kinaingia mara ngapi. Akifunga kwa jicho, wateja watachagua nono, zile nyembamba zitabaki, na atazila yeye.

Mtaji: mkopeshe, usimpe. Mtaji wa bure hauna wa kuuulizia. Andikeni kwenye daftari: amekopa 6,000, analipa 1,500 kila Jumamosi kwa wiki nne, bila riba. Na sukari akiichukua jikoni ainunue kwako, upime na akulipe. Ataudhika wiki ya kwanza, wacha audhike.

fundi_baridi_tabata

Naongezea upande wa friji, kwa sababu barafu zinaua friji nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Juisi isiingie ya moto wala ya vuguvugu. Ichemshwe jana, ipoe, ilale upande wa chini wa friji, ndiyo ifungwe. Kila kifuko kiachiwe nafasi kama ya vidole viwili juu, maana maji yakiganda yanaongezeka ukubwa karibu asilimia 9. Kikijaa hadi fundoni kitapasuka au fundo litafunguka, na juisi ya sukari ikimwagika kwenye friza inaganda sakafuni mwake.

Na hapo ndipo balaa linapoanzia. Barafu zimegandia chini, mtoto anachukua kisu anachokonoa. Kwenye friza nyingi za majumbani mirija ya gesi imepita nyuma ya lile bati jembamba, kisu kikigusa tu gesi inatoka. Kuziba tundu, kujaza gesi na ufundi ni pesa ambayo barafu za likizo nzima hazirudishi. Kwa hiyo sheria moja isiyo na mjadala: kisu, bisibisi na uma haviingii kwenye friza. Zikigandia, zima friji, weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango dakika 15, zitaachia zenyewe. Ili zisigandie, vifuko vifutwe kwa kitambaa kikavu kabla ya kuingia na vipangwe kwenye sinia, safu moja, visilaliane. Vikilaliana, vya katikati vinabaki majimaji hadi kesho yake.

Friji ya milango miwili ya kawaida igandishe lita 3 hadi 5 kwa usiku mmoja, si zaidi. Ukiweka lita 10 mashine haizimi usiku kucha, nyama iliyomo inaanza kulegea na barafu hazigandi. Watu wanapandisha namba hadi mwisho wakidhani itasaidia. Haisaidii, inazidisha utando wa barafu kwenye kuta, na utando ukizidi unene wa nusu sentimita friji inakula umeme zaidi kwa baridi kidogo zaidi.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa inashikilia saa nyingi ikiwa mlango haujafunguliwa. Barafu zilizoyeyuka kabisa zikapata joto zisigandishwe tena kuuzwa, wanywe wenyewe kama juisi siku hiyo hiyo, ziandikwe hasara.

bibi_afya_temeke

Mwanangu, kwenye maji usilegeze. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo, vinalala tu vikisubiri. Maji yachemke hadi yatoe mapovu makubwa, yaendelee hivyo dakika moja au zaidi, yapoe yakiwa yamefunikwa, yachotwe kwa jagi lenye mpini na si kikombe cha kuzamisha mkono. Ukwaju uloweke na ukamuliwe kwa kijiko kwenye chujio, au kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na kucha zimekatwa. Vifuko visipulizwe kwa mdomo ili vifunguke, hilo watoto wote wanalifanya. Visugue kati ya vidole vikavu vitafunguka.

Na mkae mkijua kwamba mlipuko ukitokea, kama ule ulioanza Dar mwaka 2015, vinywaji vya mtaani ndivyo vinapigwa marufuku mwanzo. Siku hiyo mtoto aache bila kubishana, na asiwe ameweka mtaji wote kwenye sukari.

mwl_daftari

Mimi nijibu la akiba.

Kwanza tenganisha nauli. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni 200, kwenda na kurudi 400, siku tano ni 2,000. Hiyo si pesa ya kufundishia. Mtoto aliyekosea hesabu ya karanga akose karanga, asikose gari. Ukiichanganya kama sasa, atakayebana matumizi atabana nauli: atatembea kwa miguu au atang'ang'ania lifti stendi, na wewe utadhani ana nidhamu ya pesa.

Inayobaki kwa wakubwa ni 600 kwa siku, 3,000 kwa wiki. Wa 14 mpe yote Jumapili jioni. Wa 11 mpe mara mbili, Jumapili na Jumatano. Wa 7 endelea kila siku, wiki kwake ni ndefu mno. Ikiisha kabla ya siku, usiongeze. Wengi wanaharibu hapa: Alhamisi mtoto ananuna, mama anatoa 500, na alichojifunza mtoto ni kwamba pesa ikiisha huwa inaongezwa. Kama wasiwasi ni njaa, mfungie kiazi au muhogo aende nao, pesa usitoe.

Kibubu cha mbao cha pamoja kivunjeni leo. Cha pamoja hakina mwenyewe. Mkubwa anaweka 500, mdogo 100, siku ya kufungua mnagawana au mnagombana. Na cha mbao kwa mtoto mdogo kina tatizo jingine, haoni kitu. Ametumbukiza, imepotea. Wa 7 mpe chupa inayoona ndani, ile ya siagi ya karanga inafaa, aweke sarafu tu. Sarafu za 50, 100, 200 na 500 zinatofautiana kwa macho na kwa mkono, na chupa inapanda anaiona. Bandika utepe nje penye kiwango cha kulenga. Lengo lake lisizidi wiki tatu au nne: kama anaweka 200 kwa siku za shule, kwa wiki nne ni 4,000, basi atafute kitu cha 4,000. Ukimwambia aweke akiba ya baiskeli atachoka kabla ya mwezi, na hatakuwa na kosa.

Wa 11 lengo la miezi miwili mitatu. Wa 14 muhula mzima.

Noti zisikae kwenye mbao muda mrefu. Dar unyevu ni mwingi, noti zinashika ukungu, na kibubu kikiwekwa chini ya kitanda kilichogusa ukuta mchwa wanakula pesa na mbao pamoja. Mtu mzima anayejijua ana mkono mwepesi, kibubu cha misumari kinamfaa. Mtoto anahitaji kufungua, kuhesabu na kufunga tena kila Jumamosi.

Kila mmoja awe na vyombo vitatu: cha kutumia, cha kuweka, cha kutoa. Cha kutoa kisiwe maneno, kiende msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili, au kwa mwenye shida anayemjua. Mgawanyo msiulazimishe uwe sawa. Kwa mtoto wa miaka 7, sarafu moja kati ya tano kwenda kwenye kuweka inatosha kabisa.

Na sasa la wazazi, mnisamehe. Pesa ya mtoto haikopwi. "Nipe hiyo 2,000 nikanunue gesi, nitarudisha" ndiyo inayoua akiba za watoto mjini hapa kuliko pipi na biskuti. Ikibidi kabisa, kopa mbele yake, andika kwenye daftari lake tarehe ya kurudisha, weka sahihi, na urudishe siku hiyo hata kama inabidi ukope kwingine.

Kuhusu kumlipa mtoto kwa kazi za nyumbani, sikubaliani nako kwa kazi za kawaida. Kuosha vyombo, kufagia uwanja na kutandika kitanda ni za kuishi pamoja. Ukilipa 200 kwa vyombo, wiki ya tatu utaulizwa bei ya kumpelekea bibi maji. Lipa kazi ambayo vinginevyo ungemlipa mtu wa nje: kuosha pikipiki, kung'oa majani ya uwanja wote, kuchambua gunia la maharage.

dirisha_namba_tatu

Kuhusu laini ya wa 14: laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kitambulisho cha NIDA ni cha waliofikisha miaka 18. Kwa hiyo laini itakuwa ya kwako mama, atakayeishika ndiye mtoto. Fikiria maana yake. Akibonyeza huduma ya kuongezewa salio kama Songesha, deni ni lako. Akifungua akaunti ya kubeti kwa namba hiyo, jina ni lako, na kubeti chini ya miaka 18 ni kosa. Akipokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" akaituma, anayeipokea ni tapeli na anayeibiwa ni yeye. Mbali na hayo, makato ya kutoa kiasi kidogo yanakula sehemu kubwa ya kiasi chenyewe. Kuweka 1,000 na kutoa 1,000 kwa simu si akiba.

Mfungulieni akaunti ya mtoto benki. Benki kubwa karibu zote wanazo: CRDB wana Junior Jumbo, NMB wana Mtoto Akaunti na nyingine ya vijana inaitwa Chipukizi. Andaa cheti cha kuzaliwa cha RITA, picha ndogo za mtoto na za mzazi, na kitambulisho chako cha NIDA. Kinachokwamisha wengi ni cheti: jina la mtoto shuleni ni moja, kwenye cheti ni jingine. Lirekebishe kabla ya kwenda kupanga foleni.

Dirishani uliza mambo manne na uandike majibu: kianzio ni kiasi gani, kuna ada ya mwezi, naruhusiwa kutoa mara ngapi kwa mwaka, na nikitoa zaidi riba inapotea? Akaunti nyingi za watoto zinabana kutoa, na hilo ni jema. Riba ya akiba ndogo usiitegemee, na inakatwa kodi ya zuio asilimia 10. Benki hapa ni kwa ajili ya usalama na nidhamu.

Kwa pesa ambayo haitaguswa miaka mitano na kuendelea, angalieni Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, upo tangu 2008. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, kwa jina la mtoto. Thamani ya kipande inabadilika kulingana na soko, kwa hiyo si mahali pa ada ya muhula ujao.

Mpango wa kawaida: nyumbani isizidi pesa ya lengo la karibu. Chupa ikifika kiwango, mtoto mwenyewe aende nayo benki, ajaze karatasi ya kuweka kwa mwandiko wake. Sarafu zihesabiwe nyumbani na kufungwa mafungu, mtakuwa mmemrahisishia aliyeko dirishani.

mama_watatu_kimara

Asanteni sana, hiyo ya faida ya shilingi 50 imeniingia. Maswali mawili ya nyongeza. Moja, majirani wanakopa kwa mtoto na hawalipi, na mtoto anaona aibu kudai mtu mzima. Pili, anataka kutembeza kwenye ndoo hadi stendi jioni, anasema pale ndipo wateja walipo. Na huyu wa 14, biashara gani isiyohitaji friji?

mhasibu_wa_mtaa

La mikopo: mtoto hakopeshi. Si kwamba akopeshe kidogo, hakopeshi kabisa. Bandikeni karatasi mlangoni, ile ya madukani inatosha: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Anayeomba aambiwe "mama amekataza", lawama iwe yako. Mtu mzima hatagombana na wewe kwa barafu ya mia.

Ila tofautisha mikopo na chenji. Nusu ya "madeni" ya biashara za watoto ni chenji iliyokosekana: mteja katoa 1,000, chenji hakuna, "chukua utaniletea". Kila asubuhi aanze na kopo la chenji la 2,000, sarafu kumi za 100 na tano za 200. Jioni hiyo 2,000 inatolewa kwanza, ndipo mauzo yanahesabiwa. Asipoitoa atajiona ana faida kubwa kila siku.

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, zilizoingia friza, zilizouzwa, zilizoliwa, zilizoharibika, zilizobaki, pesa. Safu ya zilizoliwa msiiache. Mdogo wake anakula mbili, yeye tatu, mgeni moja. Hesabu ya jioni ni moja tu: zilizoingia toa zilizobaki, toa zilizoliwa, toa zilizoharibika, zidisha kwa bei. Pesa iliyopo lazima ilingane. Ikipungua 300, barafu tatu zimekwenda mahali. Msimkaripie, tafuteni pamoja. Zilizoliwa azilipie yeye kwa bei ya gharama, kwenye mfano wa mililita 60 ni kama shilingi 63 kila moja, weka 70.

Pesa ikishahesabiwa, igawanywe kwa mpangilio huu: kwanza bahasha ya mtaji irudi ilivyokuwa, pili deni lako la wiki, tatu ndiyo faida iende kwenye vile vyombo vitatu vya mwalimu. Bahasha ya mtaji ikipungua chini ya nusu, biashara inasimama, mnasoma daftari, na humwongezei mtaji hadi aeleze kwa maandishi ulikoenda.

mwl_daftari

Stendi hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kazi nyepesi isiyomwondoa shuleni wala kumdhuru, na inakataza kazi za usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kuuza barafu barazani kwenu ukiwapo ni kusaidia nyumba. Mtoto wa miaka 11 na ndoo kati ya daladala saa moja jioni ni kitu kingine, na afisa ustawi wa jamii hatakuwa na kosa akikuita. Hata kabla ya sheria, pale kuna magari, kuna wanaopora, na kuna watu wazima watakaomzoea kwa sababu zao.

Wateja wake ni watoto wa mtaa. Auze Jumamosi na Jumapili saa sita hadi saa kumi na moja, na likizo. Siku za shule asiuze. Shuleni asipeleke kitu bila mwalimu mkuu kukubali, shule nyingi hazitaki. Akianza kushuka darasani, friza ipumzike muhula mmoja.

muuza_bisi_mbagala

Kwa wa 14 nashauri bisi. Hesabu ya kilo moja: mahindi ya bisi 3,500, mafuta mililita 150 kama 800, chumvi 100, vifungashio 50 vya nusu lita 1,000, gesi 500. Jumla 5,900. Kilo kwa sufuria ya nyumbani inatoa pakiti 50 bila tabu, kwa 200 ni 10,000. Inabaki 4,100, na bisi haziyeyuki.

Namna: sufuria ya lita 5 yenye mfuniko na kitako kizito, mafuta kijiko kikubwa kimoja, weka punje tatu. Zikipasuka zote tatu, mimina nusu kikombe cha mahindi, isizidi, funika ukiacha upenyo mdogo wa mvuke, tikisa kila sekunde chache. Milipuko ikipishana sekunde mbili tatu, epua. Kikombe kizima kwa mara moja kinaunguza za chini, na za juu zinainua mfuniko. Mafuta ya moto ni ya mtoto mkubwa, na mtu mzima awe karibu. Yule wa 11 afunge pakiti tu.

Chumvi iwe laini, mabonge ya chumvi yanabaki chini ya pakiti. Zipoe kabisa kwenye sinia pana kabla ya kufungwa. Ukifunga zikiwa na joto, mvuke unabaki ndani na kesho yake zinatafunika kama sponji. Kwa unyevu wa Dar bisi zilizoachwa wazi zinalegea ndani ya saa chache, kwa hiyo zifungwe kwa kuunguza ukingo kwa mshumaa. Ukingo ukunjwe juu ya rula ya chuma, upitishwe pembeni mwa mwali, usiguse mwali. Vifungashio vichukuliwe vyenye nembo ya TBS. Na mteja asipewe rambo la kubebea, mifuko ya plastiki ya kubebea ilikwisha kukatazwa tangu 1 Juni 2019.

Mahindi yawe ya bisi kweli, punje ndogo, ngumu, zinazong'aa. Mahindi ya ugali hayapasuki hata uombe dua.

mama_watatu_kimara

Nimenunua kilo moja ya mahindi ya bisi leo, nimejaribu, karibu nusu hayakupasuka na moto ulikuwa mkali. Muuzaji kanidanganya?

muuza_bisi_mbagala

Si lazima, mkuu. Punje hupasuka kwa maji yaliyomo ndani yake yanapogeuka mvuke, inatakiwa unyevu wa asilimia 13 au 14 hivi. Mahindi yaliyokaa kwenye gunia wazi juani yamekauka, mvuke hautoshi kulipasua ganda. Chukua yaliyobaki, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji kwa kilo, funga, tikisa vizuri. Rudia kutikisa asubuhi na jioni. Siku ya tatu jaribu punje kumi. Zikipasuka nane au tisa, yako tayari. Zikipasuka tano, ongeza nusu kijiko usubiri siku mbili tena. Usizidishe maji, punje iliyolowa inapasuka kidogo tu na inakuwa ngumu.

Halafu punguza moto. Moto mkali sana unaunguza ganda kabla joto halijafika katikati. Weka wa wastani, na kama ni jiko la mkaa toa vipande viwili vitatu. Yaliyobaki bila kupasuka mtoto ayapime kila mara na kuyaandika kwenye ile safu ya zilizoharibika. Yakizidi kikombe kimoja kwa kilo, muuzaji huyo abadilishwe.